Soksi ya Kushoto

Daktari Solveig Brekke alikuwa na barua saba kutoka Bodi, na zote zilianza kwa maneno yale yale: "Tunayo furaha kukufahamisha." Alizibana kwa klipu moja kubwa akazitundika kwenye msumari chooni mwa kliniki, mahali ambapo, kwa maoni yake, ndipo zilipostahili kukaa. Hakuna hata moja iliyowahi kumfurahisha mtu, labda yule aliyeiandika.

Ya kwanza ilimfahamisha kwamba ili apate cheti kamili cha upasuaji wa miguu, ilimpasa kuorodhesha watu sitini na watano aliowapasua kwa mkono wake mwenyewe. Wakati huo Solveig alikuwa na miaka thelathini na minne, ametoka mafunzoni juzijuzi, na nguvu anazo. Akakata, akashona, akaorodhesha. Alipofika sitini na tatu ikaja barua ya pili: orodha sasa iwe na mchanganyiko, maana vidole vimezidi na visigino vimepungua. Duluth, mji wetu huu wa kando ya ziwa kaskazini mwa Marekani, si mkubwa. Mtu hawezi kusimama barabarani akaomba visigino. Akavingoja, na vilipotimia ikaja ya tatu: picha za eksirei zinazokubalika ni zile tu ambazo mgonjwa amepigwa akiwa amesimama. Watu ishirini na mmoja katika orodha yake walikuwa wamepigwa wamelala, na mmoja wao alishazikwa.

"Huyu naye nikamsimamishe?" alimwuliza Marlys.

Marlys Haugen ndiye aliyekaa mapokezi. Alikuwa na miaka sitini na sita, miwani ya kuning'inia kifuani, na alikuwa amemfundisha Solveig nyimbo za Jumapili kanisani alipokuwa na miaka sita, kwa hiyo hakumwogopa hata kidogo. "Jaribu," alisema. "Alikuwa mtu wa kusaidia watu."

Na hayo yalikuwa mepesi. Baadaye Bodi ilifuta mtihani wa kuhojiwa ana kwa ana, ambao Solveig alikuwa amejiandaa nao mwaka mzima. Ikaupasua mtihani wa kuandika, ambao alikuwa ameshaufaulu, ukawa miwili, mmoja wa sehemu ya mbele ya mguu na mwingine wa sehemu ya nyuma, utadhani kuna watu wanaotembea kwa nusu moja Jumatatu na nusu nyingine Jumanne. Mwishowe ikaleta mgonjwa wa kompyuta. Unakaa mbele ya kioo, unaambiwa mtu fulani ana maumivu, na wewe unachagua kutoka kwenye orodha ndefu kuliko kitabu cha simu: uliza hiki, pima kile, agiza hili. Kompyuta inajibu, mwishoni inakupa alama. Solveig alikuwa ameanguka mtihani huo mara tatu. Mara ya kwanza alikosa alama nne, mara ya pili tatu, mara ya tatu nne tena.

Hakuwa daktari mbaya, na hilo nalisema mimi ambaye kisigino changu cha kulia kimo mikononi mwake tangu zamani. Kliniki yake ipo pale Barabara ya Superior, na saa nne asubuhi utakuta mlangoni safu ya buti kama ya kanisani siku ya chakula cha pamoja: buti za wavuvi, buti za walimu, buti za mchungaji. Wenyewe wako ndani kwa soksi zao, wanakunywa kahawa ya Marlys. Solveig akiingia chumba cha kupimia hukuta mguu unaouma umeshawekwa juu ya karatasi, mtupu, unamngoja, na mwenzake umekaa pembeni ndani ya soksi. Anaushika, anauminya, na mara nyingi anajua tatizo kabla mtu hajamaliza kulalamika.

Lakini barua ya saba haikujali mikono yake. Ilimfahamisha, kwa furaha, kwamba tangu aanze safari hii miaka saba inatimia mwezi wa Novemba, na baada ya hapo hakuna nyongeza. Na hospitali ya mlimani ilikuwa imeshabandika tangazo: kuanzia tarehe mosi Desemba, asiye na cheti haingii chumba cha upasuaji. Angebaki kukata kucha na kuuza soli za kuweka viatuni.

Kwake yeye hilo lilikuwa na sura na jina, nalo ni Toivo Lahtinen.

Mzee Toivo alikuwa na miaka sabini na minane. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye gati la kupakilia madini, na alikuwa na kisukari ambacho alikiita "sukari kidogo." Mguu wake wa kulia ulikuwa umejipinda kwenye kifundo, hata akawa anakanyagia ukingo wa nje. Ulihitaji kufunguliwa, mifupa inyooshwe na kukazwa kwa skrubu. Solveig alikuwa amempangia wiki ya kwanza ya Desemba. Mbali naye, mpasuaji wa karibu alikuwa Minneapolis, mwendo wa saa mbili na nusu, na Toivo alishasema wazi kwamba Minneapolis alikwenda mara moja mwaka 1971 na inatosha.

Malalamiko yake yalikuwa mamoja tu. Kwa mguu ule hakuweza tena kupanda benchi la juu la sauna, kile chumba cha mvuke ambacho Wafini kama yeye hawakosi, na ambacho joto lake lote liko juu. Sasa alikaa benchi la chini, kwenye uvuguvugu, pamoja na watoto na Waswidi wasiostahimili joto.

Vinginevyo mzee hakuwa mtu wa kulalamika. Mti ulipoangukia karakana yake alisema, "Siyo mbaya sana." Alipolazwa kwa homa ya mapafu, mrija puani, alisema, "Siyo mbaya sana." Mara moja tu mji mzima ulimsikia akisema tofauti, nayo ilikuwa siku aliyomzika mkewe Aili. Mchungaji alimwuliza hali, akasema, "Siyo nzuri sana," na watu wakaangua kilio pale pale, maana walijua mtu huyo amevunjika vipande.

Mwezi wa Septemba Solveig alipiga moyo konde akapigia Bodi simu. Aliimbiwa muziki kwa dakika arobaini, akihakikishiwa kila baada ya muda kwamba yeye ni muhimu. Kisha ikaja sauti changamfu.

"Bodi hapa, unaongea na Shawna."

"Shawna, nimeanguka mara tatu mtihani wa mgonjwa wa kompyuta. Nataka kujua nakosea wapi."

Shawna akabofyabofya. "Pole sana, Daktari. Naona hapa ulikosa alama nne."

"Alama nne za nini?"

"Za kufaulu."

Solveig akavuta pumzi. "Shawna, dadangu, mtu ametumbukia shimoni mara tatu. Anauliza tu shimo lenyewe liko wapi."

"Nakuelewa kabisa. Ila mahali pa shimo ni sehemu ya mtihani."

"Basi niambie hata kama ni upande wa vidole au wa kisigino."

"Siruhusiwi. Lakini kuna mwongozo mpya, nikutumie?"

"Ule wa zamani sijaumaliza."

"Aa, ule hautumiki tena," alisema Shawna kwa furaha ya kufahamisha.

Solveig aliiweka simu taratibu sana, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakitaka kuivunja. Marlys alimsukumia kikombe cha kahawa.

"Unajua tatizo lako?" alisema Marlys. "Hujazoea mgonjwa mpumbavu. Huyo wa kompyuta ni mpumbavu. Ngoja nikuigizie."

Basi ikawa kila mchana baada ya wagonjwa kwisha, Marlys anapanda kiti cha kupimia, ananyoosha miguu yenye soksi nyekundu za sufu, na kutoa macho kama samaki wa barafuni.

"Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili," alisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Mguu unaniuma."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Napima mapigo ya damu."

"Yapo."

"Naangalia ngozi ya wayo."

"Hakuna taarifa."

"Marlys, bwana!"

"Si ndivyo ulivyosema inajibu? Umesema ukiiuliza ngozi inakuambia hakuna taarifa, ukiiuliza kucha inakuambia hakuna taarifa. Mimi naigiza. Ukitaka taarifa, ngozi yangu ni laini kama ya mtoto, mwulize mume wangu Harold."

"Harold simwulizi chochote kuhusu ngozi yako."

Ni kweli, mgonjwa wa kompyuta alikuwa na tabia hiyo. Ukigusa mambo ya ngozi na kucha, ananyamaza. Solveig alikuwa amehukumu zamani kwamba ni uvivu wa waliomtengeneza, akawa anapita. Alisoma mwongozo mpya wote. Alisoma akila, alisoma akipasha gari moto asubuhi, na siku moja Marlys alimkuta amesimama bafuni na mswaki mdomoni anasoma kuhusu nyuzi za kushonea. Marlys akapitisha amri kimyakimya kwa wagonjwa wote: Daktari anasoma, msimsumbue kwa mambo madogomadogo.

Hapa kwetu amri kama hiyo hairudiwi mara mbili. Watu walianza kuja na kifundo kilichovunjika wakiomba radhi.

Jumatano ya kwanza ya Oktoba Marlys hakuwepo. Alikwenda kanisani kusukuma chapati za viazi kwa ajili ya mnada, na wakati huo hata ziwa likipanda mlimani yeye hatoki jikoni. Solveig akabaki peke yake, na mvua nje. Alipofungua mlango wa chumba cha kupimia akakuta mtu mkubwa ajabu amejilaza kwenye kiti, kofia pana tumboni. Aliitwa Royce Tidwell, mtu wa Texas, dereva wa yale malori marefu yanayobeba mabawa ya mitambo ya upepo kutoka bandarini. Alikuwa amevaa buti za ngozi zenye ncha kama kalamu, nazo zilikuwa juu ya karatasi safi, zinachuruzika matope. Kutoka mlangoni mpaka kitini kulikuwa na nyayo kumi na moja kwenye zulia.

Solveig alisimama hajui la kufanya. Sisi hatumwambii mgeni avue viatu. Hilo halisemwi. Mgeni akisahau, unaangalia miguu yako mwenyewe kwa huzuni mpaka akumbuke. Solveig akaangalia miguu yake. Royce naye akaiangalia, kwa heshima.

"Leo nje kuna matope," alisema Solveig.

"Mengi mno, Daktari."

"Hili zulia letu ni jipya."

"Nimeliona. Zuri sana."

Solveig akageuka akatazama ile safu ya buti mlangoni, akaitazama kwa muda mrefu. Royce akaitazama pia. "Mna biashara ya mitumba?" aliuliza.

Solveig akamgeukia akamtazama. Royce akaanza kutokwa jasho. "Daktari, mbona unaniangalia hivyo? Ni kansa?"

"Hapana, hapana. Sijauona mguu bado."

"Sasa si uniambie nivue?"

"Nikuambie?"

"Ndiyo. Kwetu daktari akitaka uvue anasema vua. Asiposema, huvui. Mama yangu alinilea na adabu."

Solveig akafungua mdomo, neno likagoma. Alirudi nyuma miaka yote ya kazi yake, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na hakumpata hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumwambia neno hilo. Lilimjaa mdomoni kama tusi. Kisha akawaona wale wengine, wa kompyuta, mitihani mitatu, wamekaa foleni kila mmoja kavaa buti zake mpaka magotini, na yeye anawauliza habari za ngozi.

"Walikuwa wamevaa viatu!" alipiga kelele.

"Nani?" alisema Royce.

"Wote! Yule wa kisukari! Yule bibi wa kisigino! Nimewapima wote na viatu vyao! Hakuna taarifa, kumbe ingetoka wapi taarifa!"

Royce alikuwa ameshavaa kofia na mguu mmoja uko chini. Ilibidi Solveig amshike mkono, amkalishe, amweleze tangu mwanzo habari za Bodi, zile barua saba na zile alama nne. Royce alisikiliza kwa makini, kisha akasema kwamba leseni yake ya lori nayo wameibadilisha masharti mara tano na wao ni majambazi wale wale, wamebadilisha ofisi tu. Hapo wakawa ndugu.

"Haya, Daktari," alisema. "Jaribu. Niambie."

Solveig akameza mate. "Vua," alisema, uso umemwiva.

"Na tafadhali huna?"

"Vua tafadhali!"

Ilikuwa ni ukucha tu ulioota ndani ya nyama. Aliutoa kwa upole ambao Royce, baadaye, alisema hakuutarajia kwa mwanamke anayepiga kelele namna ile.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki ya tatu ya Oktoba, katika jumba la mitihani karibu na maduka ya Miller Hill. Walimgeuza mifuko, wakamkunja mikono ya sweta, wakamkagua nyuma ya masikio, wakamketisha kibandani. Kwenye kioo akatokea mwanamke wa miaka hamsini na minane, kisukari, maumivu ya mguu wa kulia. Solveig akatafuta kwenye orodha, akashuka, akashuka, na kweli lilikuwepo, limekaa pale miaka yote kama funguo unazozitafuta na ziko mfukoni: *Mwombe mgonjwa avue viatu.* Akabofya kwa nguvu mpaka msimamizi akanyanyua kichwa.

*Mgonjwa amevua kiatu cha kulia.*

Ngozi? *Hakuna taarifa.*

Solveig akauma meno. Soksi! Yule mwanamke alikuwa bado na soksi! Akarudi kwenye orodha, akazipata soksi, na hapo kukawa na machaguo matatu: ya kulia, ya kushoto, zote mbili. Mgonjwa alikuwa hajalalamikia kushoto hata kidogo. Lakini Solveig kufikia hapo alikuwa na hasira na mambo yote, akaona akivua avue, akabofya zote mbili, na kiatu cha kushoto pia.

Wayo wa kushoto ulikuwa na kidonda kipana kama sarafu, kimeanza kuoza.

Badala ya kufurahi alichukia. Mtu gani huyu? Anakuja mpaka kwa daktari, anaulizwa hali, anataja mguu mmoja na kuficha mwingine wenye kidonda? Watunga mtihani, alijiambia, hawajawahi kukutana na binadamu. Akatibu kidonda, akaendelea na wa pili, naye akamvua kila kitu kuanzia magotini, na wa tatu, na wa nne, mpaka kibanda kizima akakiona kimejaa viatu.

Barua ya nane ilifika Jumanne ya pili ya Novemba, theluji ya kwanza ikianguka. Marlys ndiye aliyeifungua, maana Solveig alisema mikono yake haipo.

"'Tunayo furaha kukufahamisha,'" alisoma Marlys, akavua miwani, akaivaa tena. "Mungu wangu. Safari hii wanayo kweli."

Walikumbatiana, jambo ambalo hapa mjini hutokea kwenye arusi na baada ya ajali. Solveig alilia kidogo, akacheka, akaita jina la Royce Tidwell wa Texas. Ukurasa wa pili wa barua ulieleza kwamba cheti sasa kitahitaji maswali mapya kila robo mwaka, kwa utaratibu ambao bado unarekebishwa. Marlys aliukunja ukurasa huo mara nne akauweka chini ya birika la kahawa. Kuna siku ya kila kitu.

Mgonjwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa Toivo, kuja kupimwa kabla ya upasuaji wa Desemba. Alipigwa pambaja mlangoni na Marlys, akasimama ameduwaa na buti moja mkononi.

"Nimefaulu, Mzee!" alisema Solveig alipoingia chumbani. "Desemba nakunyoosha huo mguu. Kiangazi utakaa juu, uwaangalie Waswidi vichwani."

"Siyo mbaya sana," alisema Toivo, na kwa kinywa chake hiyo ni tarumbeta.

Mguu wa kulia ulikuwa juu ya karatasi, mtupu, umepinda vile vile. Mwenzake ulikuwa pembeni ndani ya soksi ya kijivu. Solveig aliupima wa kulia, akaandika, akasimama aende zake. Alikuwa ameshika kitasa. Na pale mlangoni, bila sababu nyingine isipokuwa kwamba neno lile alikuwa amelilipia kwa miaka saba na alitaka kulitumia, akageuka.

"Vua na ya kushoto, Mzee."

"Ya kushoto haina neno."

"Najua. Vua tu."

"Leo una furaha. Nenda kafurahi."

"Mzee Toivo."

"Nakuambia siyo mbaya sana."

Solveig akarudi akakaa kwenye kigoda. Akaiangalia ile soksi. Kisha akauliza jambo ambalo mtu mwingine angeliona ni la kupitisha muda. "Mara ya mwisho umeingia sauna lini?"

Toivo alitazama dirishani, theluji ikishuka juu ya ziwa, na masikio yake yakawa mekundu. Mzee huyu aliingia sauna hata siku ya arusi yake na hata siku aliyomzika mkewe.

"Lini, Mzee?"

"Wiki tano," alisema Toivo.

Solveig hakumwomba tena. Aliishusha soksi mwenyewe. Chini yake, kidole cha pili na nusu ya wayo vilikuwa vimezungushiwa utepe mzito wa kijivu, ule wa kufungia mabomba, umezungushwa kwa unadhifu wa mtu aliyefanya kazi gatini miaka arobaini. Alipoukata harufu ilitoka. Kidole kilikuwa kimekuwa cheusi, na chini yake kidonda kilichoanza kupanda.

"Nilikanyaga skrubu karakanani," alisema Toivo. "Sikuisikia. Niliiona nilipovua buti."

"Wiki tano! Kwa nini hukuniambia? Umekuja hapa mara mbili tangu siku hiyo! Ulikaa hapo hapo!"

"Ulikuwa unasoma," alisema mzee. "Kisha ulikuwa unangoja majibu. Marlys alisema tusikusumbue kwa madogo."

Solveig aliinamisha kichwa akashika mguu ule kwa mikono miwili. Alikuwa amewachukia wale watunga mtihani kwa miaka saba, na sasa aliwachukia kuliko siku zote, kwa sababu walikuwa sahihi. Akajichukia na yeye. Mguu wenyewe ulikuwa wa moto upande mmoja na baridi upande wa pili.

"Mzee," alisema, bila kuinua uso. "Sasa niambie kweli. Ukoje?"

Toivo alifikiri kidogo.

"Siyo nzuri sana," alisema.

Solveig aliinuka akamwita Marlys kwa sauti ambayo Marlys hakuwahi kuisikia tangu enzi za nyimbo za Jumapili. Akapiga simu hospitali, akataka chumba cha upasuaji mchana huo huo, si kesho. Aliyepokea alianza kumsomea fomu. Jina la mgonjwa. Mguu upi. Je, daktari ana cheti cha Bodi? "Ndiyo," alisema Solveig, "endelea," wala hakukumbuka kufurahi.

Kidole kimoja kilikwenda. Mguu ulibaki. Wa kulia ulingoja mpaka Machi, wa kushoto upone, kisha akaunyoosha kwa skrubu sita, kazi ambayo hata Minneapolis, nasikia, waliomba picha zake.

Marlys hakujisamehe kwa urahisi. Alikaa siku mbili bila kuoka kitu chochote. Siku ya tatu alichukua kipande cha mbao cha mumewe, akachora kwa rangi nyekundu na kukipigilia juu ya ile safu ya buti: VUA VIATU. VUA SOKSI. ZOTE MBILI. Katika mji wetu hakujawahi kuandikwa ukutani jambo kali namna hiyo. Mchungaji alipoliona mara ya kwanza alirudi nje kidogo kujikusanya. Lakini watu wanavua. Tunakaa pale mapokezi na kahawa zetu, miguu mitupu, tunaangalia dari.

Mwezi wa Agosti ilikuja kadi kwa posta, imeandikwa kwa penseli. Haikuwa na salamu wala jina. "Benchi la juu. Vidole tisa. Siyo mbaya sana." Solveig aliisoma amesimama mlangoni, akairudia, kisha akaibandika chini ya ubao wa Marlys na kuingia kumwona mgonjwa wa saa nne.